Dakika Tano za Friza

Huku Igogo umeme haukatiki tu, unakonyeza.
Ungekatika ukaenda zake
tungewasha kibatari, tukalala.
Lakini unaondoka kama mtu aliyesahau funguo:
anatoka, anarudi, anatoka tena,
na kila mara anabamiza mlango.

Aprili ulikonyeza mara nne kabla ya taarifa ya habari.
Mara ya kwanza friza ikanyamaza.
Mara ya pili ikaguna, ngrrr,
kama ng'ombe aliyenasa matopeni,
tak, ikaacha.
Ikaguna tena. Tak.
Nilikuwa nachambua dagaa, sikugeuka.
Mara ya nne ilitoa harufu
ya plastiki na ya deni.

Kilo arobaini za sato, mali ya watu,
na mifuko mia mbili ya barafu
iliyorudi kuwa maji, ikapita sebuleni,
ikateremka mawe kwa mawe
kulitafuta ziwa ilikotoka.

Fundi Masanyiwa alipanda na begi lake,
akaweka sikio kwenye bati la nyuma
kama mkunga.
"Kompresa imeungua, dada. Haikuuawa na giza.
Imeuawa na kurudi kwa mwanga."
Akaomba pampu ya baiskeli ya Lushinge mwanangu,
akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, akasema sukuma.
Nikasukuma. Ikagoma njiani.
"Basi ndivyo. Gesi imebanwa upande mmoja,
haijapata muda wa kujigawa,
na umeme unaiambia mota: sukuma, sasa hivi, sukuma."
Akaachia kidole. Pampu ikashusha pumzi, fyuuu.
"Inataka hiyo tu. Dakika tano za fyuuu."

Kompresa mpya ilikula mchezo wangu
na zamu niliyoazima kwa Nyabise.
Kikasha cheupe cha kukaa kwenye soketi: elfu thelathini na tano.
Nililia zaidi kwa hiyo elfu thelathini na tano,
maana ningeweza kuitoa Machi.

Kina taa. Nyekundu: ngoja. Kijani: haya.
Umeme ukirudi, balbu zinawaka zote,
redio inadakia sentensi katikati,
watoto wa jirani wanapiga yowe, "Huooo!"
Friza peke yake imenuna, inahesabu.

Kisha mama mkwe, Bi Milembe,
akavuka kwa kivuko cha Kamanga kuja kutusalimu.
Jioni ya pili umeme ukakonyeza. Akaona nyekundu.
Akasema kidude hiki kinakula Luku ya mwanangu,
akakichomoa,
akachomeka friza ukutani moja kwa moja.
Nilisikia ngrrr nikiwa bafuni.
Nilitoka na povu na khanga,
nikang'oa plagi kama jino bovu.

Hatukusemezana.
Nikarudisha kikasha. Nyekundu.
Tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukiitazama,
mimi natiririka, yeye anasugua goti.
Bodaboda ikapanda mlima kwa gia ya kwanza.
Mtu akacheka huko chini, akakohoa.
Nilikuwa na maneno mengi, mengine ya tangu harusini,
yote yamejipanga kooni.
Dakika ya nne akasema, si kwangu, kwa friza:
"Hata mimi wakiniamsha ghafla, mguu haukubali.
Lazima nikae kwanza ukingoni mwa kitanda."

Kijani.
Ikaanza polepole, bila kuguna,
nami nikakuta yale maneno
sijui yamekwenda wapi.

Kesho yake alikivisha kikasha kitambaa cha kufuma.
Nikakitoa, nikamweleza kinahitaji hewa.
Akakirudisha nilipokwenda sokoni.
Sasa nakunja pembe moja tu,
taa ionekane.